Masta ya maabara au ya utafiti wa magonjwa? Naombeni mwongozo

MamaSlaidi
Habari zenu wakuu. Mimi ni mteknolojia maabara hospitali ya wilaya, kanda ya magharibi, mwaka wa sita kazini. Digrii nina GPA ya 3.2. Nataka kwenda masta mwakani. Bosi wangu wa kitengo anasema nichukue mikrobaiolojia, mume wangu anasema afya ya jamii ndiyo inalipa.

Mimi kinachoninyima usingizi ni malaria. Nina kaunta buku: kila nikikuta vimelea kwenye slaidi halafu mRDT (kile kipimo cha haraka cha malaria) imetoa mstari mmoja tu, yaani hakuna malaria, naandika. Wamefika wagonjwa 11. Nikisema, naambiwa kipimo kimeharibiwa na joto. Sasa nisome nini, wapi? Ada sina, watoto wawili ninao. Nawasilisha.

ZamuYaUsiku
GPA haina shida, TCU (tume ya vyuo vikuu) wanataka 2.7 kwenda juu. Afya ya jamii niliisoma mimi. Leo kazi yangu ni ripoti za robo mwaka, darubini naisikia kwa wenzangu. Sijutii, ila wewe mikono bado inakuwasha.

Kapilari
Dada, chuo baadaye, kwanza hiyo kaunta buku. Kama mRDT yenu ni ya HRP2 peke yake (protini inayotolewa na kimelea), inakamata falsiparamu tu, aina moja ya malaria. Je, umehakikisha hao 11 si aina nyingine, malarie au ovale? Halafu ulihesabu vimelea kwa chembe nyeupe za damu 200? Vikiwa vichache sana kipimo hukosa, hakuna cha ajabu hapo.

Ila kama ni falsiparamu na ni wengi, hapo kuna jambo. Wapo vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vinapita mbele ya kipimo bila kuonekana. Eritrea walilazimika kubadili vipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Sisemi ndiyo hali ya kwenu, darubini haiwezi kukuambia hilo, inataka PCR, kipimo cha kusoma jeni.

Kwa hiyo tafuta masta yenye molekyula ndani. CUHAS, chuo cha afya pale Mwanza, wana mikrobaiolojia ya kitabibu na uchunguzi wa molekyula, na kwako si mbali. Ukipenda vimelea na mbu, Moshi, chuo cha KCMC. Ukitaka utafiti wenyewe, taasisi ya afya ya Ifakara wana masta wanayoiendesha na chuo cha Nelson Mandela cha Arusha.

MamaSlaidi
Kaka, slaidi tunaosha na kurudia! Za hao 11 zimebaki 4. Nimetamani kulia.

Kapilari
Pole. Hizo 4 zifungie kabatini, mtu mwingine azisome bila kumwambia ulichoona wewe. Usianze kuchukua damu kwenye karatasi ya chujio kwa ajili ya PCR kabla ya kibali cha maadili, hilo litakuharibia. Na kama kwenye daftari kuna majina ya wagonjwa, liache kazini, tumia namba.

Binti_Ruvu
Upande wa ada: Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa masta ya mwaka mmoja huko huko, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Commonwealth (Jumuiya ya Madola) nao wapo, na DAAD wa Ujerumani wana ufadhili wa kusomea hapa hapa Afrika. Watoto utajua mwenyewe, wangu niliwaachia mama yangu na mdogo aliponiona aliniamkia kama mgeni.

Chochote utakachochagua, barua ya ruhusa ya masomo ipate mapema. Nina rafiki alianza darasa kwanza akaomba baadaye, mshahara ukasimama miezi minne.

ZamuYaUsiku
Nyongeza. Ukimwandikia mwalimu atakayekusimamia, usianze na "naomba nafasi". Anza na hao 11. Wasimamizi wanapokea barua za vyeti kila siku, mwenye swali lake ni mmoja mmoja.

MamaSlaidi
Asanteni. Nimeangalia boksi la mRDT, ni HRP2 tupu. Leo niko zamu, nimemwambia kijana wa usafi trei ya slaidi asiiguse mpaka nimwambie. Ameniangalia kama nimechanganyikiwa.