Marekani: aliyetoka gerezani arudishiwe kura yake, au asubiri mpaka amalize deni?

Mleta mada

Wadau, kuna jambo la Marekani linaniuma, naomba tulijadili. Mtu akifungwa kwa kosa kubwa la jinai, hatima ya kura yake inategemea jimbo. Maine na Vermont hawamnyang'anyi kabisa, anapiga kura akiwa gerezani. Majimbo mengi humrudishia anapotoka au anapomaliza muda wa uangalizi nje ya gereza. Virginia, katiba yao inamnyima maisha yote mpaka gavana amrudishie. Gavana Terry McAuliffe alipojaribu mwaka 2016 kuwarudishia watu zaidi ya 200,000 kwa amri moja, Mahakama ya Juu ya jimbo iliitengua, ikabidi awashughulikie mmoja mmoja.

Msimamo wangu: siku unayotoka gerezani, kura yako irudi siku hiyohiyo. Usiandike barua ya maombi, usiulizwe risiti.

Nasema risiti kwa sababu ya Florida. Novemba 2018 wapigakura wa huko, karibu asilimia 65, walibadili katiba ya jimbo ili waliomaliza adhabu warudishiwe haki, isipokuwa waliotiwa hatiani kwa mauaji au makosa makubwa ya ngono. Walikadiriwa kunufaika watu milioni 1.4. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaja na sheria: kumaliza adhabu ni pamoja na kumaliza faini, ada za mahakama na fidia zilizoandikwa kwenye hukumu.

Sasa fikiria mtu aliyehukumiwa miaka thelathini iliyopita. Florida ina kaunti 67, na sheria ilipopita hapakuwa na daftari moja la jimbo la kumwonyesha anadaiwa kiasi gani. Anakwenda kwa karani wa mahakama, faili la zamani halionekani. Au linaonekana, lakini kiasi kilichoandikwa humo hakilingani na kilichomo kwenye kompyuta. Akikisia vibaya akajiandikisha, anaogopa kushtakiwa upya. Mei 2020 Jaji Robert Hinkle aliuita huo mfumo wa kulipia ndipo upige kura. Septemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wake, majaji 6 dhidi ya 4.

Hofu hiyo ina sababu. Agosti 2022 Gavana Ron DeSantis alitangaza kukamatwa kwa watu 20, wengi wakiwa wale ambao makosa yao yalibaki nje ya mabadiliko ya 2018. Video za kamera za polisi zilitoka baadaye. Watu wanafungwa pingu nje ya nyumba zao, wanauliza wamekosa nini, maana kadi ya mpigakura walipewa na serikali yenyewe. Kama ofisi inayotoa kadi haikujua nani anaruhusiwa, raia angejuaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakupinga. Umemsahau aliyetendewa kosa. Jaji alitoa kifungo na fidia kwa pamoja; ukisema mtu amemaliza adhabu wakati mama aliyemwibia hajalipwa hata senti, huyo mama unamwambia nini? Halafu Marekani ni shirikisho. Mahakama ya Juu ya nchi ilishaamua mwaka 1974 kwamba Marekebisho ya 14 ya katiba yanaruhusu majimbo kuwanyima kura waliotiwa hatiani. Kila jimbo lijiamulie.

Mchangiaji wa pili

Mimi naishi Maine. Watu huniuliza: gereza la jimbo liko Warren, mji mdogo tu, wafungwa si watawachagulia wenyeji viongozi wao? Hapana. Mfungwa anaandikishwa kule alikokuwa anaishi kabla ya kufungwa, na kura anaituma kwa posta. Hapa ni utaratibu wa kawaida.

Mleta mada

Asante kwa maelezo ya Maine, ingawa kura ya mtu aliye bado gerezani haijanishawishi. Mimi nazungumzia aliyetoka.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, fidia ni haki na ilipwe, hata kwa kukatwa mshahara. Lakini sheria ya Florida haikuishia kwa huyo mama. Imejumlisha na ada za mahakama, ambazo hata akizimaliza leo, mama hapati kitu. Anayedaiwa kodi na serikali Marekani anapiga kura, na mwenye mkopo wa benki uliomshinda pia. Na watu wawili wakitenda kosa lilelile, wakahukumiwa sawasawa, mwenye hela analipa asubuhi na mchana anajiandikisha. Mwenzake anaweza kuzeeka bila kura. Hapo kinachowatenganisha ni mfuko, uhalifu ni uleule.

Kuhusu majimbo kujiamulia, kisheria uko sahihi, na mimi silitegemei tena lango la mahakama. Ila historia tusiifiche. Mwaka 1901 Alabama iliandika katiba ya kuwanyima kura hata waliotenda makosa madogo, na mwenyekiti wa mkutano ulioiandika, John Knox, alitamka hadharani kwamba lengo ni utawala wa weupe. Kifungu hicho kilidumu hadi 1985, Mahakama ya Juu ya nchi ilipokifuta. Kwa hiyo nikisikia "jimbo lijiamulie", nauliza kwanza walioachwa nje ya uamuzi ni akina nani.

Nakubali kwamba njia iliyobaki ni kwenda jimbo kwa jimbo, na inapitika. Minnesota ilirudisha kura kwa waliotoka gerezani mwaka 2023. Nebraska, jimbo la kihafidhina kabisa, iliondoa miaka miwili ya kusubiri baada ya adhabu, na Oktoba 2024 mahakama yao ya juu ikaamuru waandikishwe, baada ya maofisa wa jimbo kukataa kuwaandikisha.

Swali langu kwako bado liko palepale: kama jimbo lenyewe limeshindwa kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani, analipaje ili arudishiwe kura?