Wanasoma vizuri ila hawaelewi walichosoma, nifanyeje?

mwl_ufahamu: Habari zenu walimu wenzangu, naombeni msaada. Nina wanafunzi wakisimama kusoma kifungu utafurahi mwenyewe, sauti ipo, vituo wanazingatia, ila nikiwafunika kitabu nikauliza haya mwandishi anasema nini, kimya, wananikodolea macho tu. Cha ajabu yale maswali ya mwisho wa kifungu wanapata yote. Shida iko wapi?

BiChaki: Hao wananakili tu mwalimu. Soma hii: "Mpuzo ulimkweta fudi karibu na lenge." Fudi alikwetwa na nini? Mpuzo. Wapi? Karibu na lenge. Umepata yote na hujui hata fudi ni mdudu au mtu 😂 Maswali mengi ya vitabuni ndo yako hivyo. Wewe uliza "kwa nini" na "umejuaje", alafu akuoneshe sentensi iliyomfanya ajibu hivyo.

kalamu_nyekundu: Kuna mbinu ya watafiti Palincsar na Brown ya 1984, ya kufundishana kwa zamu. Mnasoma aya moja mnasimama, mmoja anafupisha, mwingine anauliza swali, mwingine anafafanua palipowatatiza, wa mwisho anabashiri kinachofuata, aya inayofuata wanabadilishana. Ila usiwaachie tangu siku ya kwanza, anza wewe, waza kwa sauti mbele yao, "hapa huyu 'yeye' ni nani tena, ngoja nirudi juu", maana wengi wanadhani msomaji mzuri hakwamagi.

Mzee wa Maktaba: Mbinu sawa, lkn mtoto asiyejua lolote kuhusu mada utambashirisha nini? Watafiti Recht na Leslie 1988 waliwapa wanafunzi kifungu cha besiboli, wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakakumbuka mengi kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Kama kifungu ni cha volkano piga nao stori kwanza, chora mlima, waeleze moto unatokea wapi. Sio kujaza ubao misamiati migumu, hiyo inawachosha kabla hata hawajaanza kusoma.

mwl_ufahamu: Asanteni sana, hiyo ya mpuzo kesho naanza nayo 😂 Ila darasa langu ni kubwa, makundi ya wanne si itakuwa kelele tupu?

kalamu_nyekundu: Waweke wawili wawili, walokaa dawati moja. Mmoja anafupisha mwenzie anauliza, basi, hayo mengine mawili fanya na darasa zima.

BiChaki: Na kelele zenyewe ukisogea ukasikia wanabishania kifungu, waache.