Mkufunzi amenipokonya upanga mbele ya kikosi kizima na kunikabidhi ufagio

Mlinzi_wa_Daraja:

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado na deraya mwilini, kwa sababu mikono inanitetemeka kwa hasira na vifungo vyake vimenishinda. Jina la mtu silitaji. Yeyote aliyewahi kujifunza mapigano ya jukwaani kwa ajili ya maonyesho ya vita vya kale anamjua: ni yule mkufunzi anayesubiri wote tujipange mstari ndipo aingie, joho likiburura, ndevu zimesukwa, na anayevizungumzia vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambapo Wanormani walimshinda Mfalme Harold wa Uingereza, kwa namna ambayo mgeni angedhani Harold alimwomba ushauri usiku wa kuamkia vita, yeye akamwambia arudi kesho.

Leo, tukiwa katikati ya tukio la ukuta wa ngao, na wageni waliokuja kutazama mazoezi wakiwa wameketi safu ya mbele, mtu huyo alipuliza filimbi, akapita katikati ya kikosi, akasimama mbele yangu, akanifungua vidole kimoja kimoja, akautwaa upanga wangu, akatembea bila haraka hadi kwenye kona ya ndoo, akarudi na ufagio, akanipa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata farasi waliokuwa nje waliisikia: "Uzoee huu kwanza. Ukichoka kupigana nao, fagia jukwaa."

Ufagio, ndugu zangu. Nao haukuwa hata ufagio mzima: nyuzi zilikuwa zimelika upande mmoja, mpini ulikuwa umefungwa utepe wa plastiki mahali ulipovunjika, na maji ya kudekia yalikuwa bado yanachuruzika, yakanilowesha buti. Nilisimama pale, ngao mkono wa kushoto, ufagio mkono wa kulia, na yule niliyekuwa nikipambana naye, ambaye alipaswa kufa kwa mkono wangu katika pigo la saba, akacheka hadi kofia yake ya chuma ikamshukia machoni.

Eti kosa langu ni kukinga mapema. Kanuni sote tunazijua: watu wawili wanatazamana machoni, mshambuliaji anaonyesha pigo linakokwenda, anayeshambuliwa anajiweka tayari, ndipo upanga unasafiri. Mwenzangu hakunitazama, alikuwa akiwatazama wageni. Nilitakiwa nilingoje pigo la kichwa kwa adabu? Lakini sikuja kujadili kukinga. Nimekuja kuzungumzia ufagio.

Nimefanya mazoezi ya robo kasi hadi kucha zikaota na kukatwa kati ya pigo moja na jingine. Nimeanguka kwa nyonga, kwa bega na kwa mgongo hadi sakafu ya ukumbi ule inanifahamu kuliko ndugu zangu wa damu. Kila baada ya onyesho mimi ndiye ninayebaki na tupa mkononi nikilainisha makali ya panga za kikosi kizima, kwa sababu hata upanga butu ukigongana na mwenzake huota vijino vya chuma vinavyochana kiganja kabla vita havijaanza, ilhali mashujaa wengine wamekwisha kwenda zao. Malipo yangu ndiyo haya: mtu mwenye ndevu za kusuka ananivua nguo mbele ya wageni na kunipa ufagio unaochuruzika. Mtoto mmoja miongoni mwa wale wageni alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya mchezo.

Maiti_Mstaafu:

Pole sana, mleta mada. Nina swali moja tu la kitaalamu: ulipigana nao?

Mlinzi_wa_Daraja:

Mkuu, ningefanya nini? Filimbi ilipulizwa tena, adui wakaja, nami nikakinga kwa nilichokuwa nacho. Hiyo si hoja. Hoja ni kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, alikwenda kwa miguu yake hadi kwenye kona ambako palikuwa na fagio mbili, akazitazama zote, kisha akachagua ile mbovu.

Pigo_la_Tano:

Mimi nilikuwepo, nikiwa mtu wa tatu kutoka kushoto, na nasikitika kuwaarifu wanajukwaa kwamba mleta mada alikinga pigo la kichwa wakati mwenzake bado hajainua upanga. Ni kweli kwamba katika kazi yetu anayepigwa ndiye anayeongoza, kwa maana hakuna pigo linaloondoka mpaka yeye aonyeshe kwamba yuko tayari. Lakini kuongoza si kutabiri, na mtu akikinga kabla pigo halijaonyeshwa, mtazamaji hamwoni askari, anamwona mtu aliyesoma barua ya adui. Haki nayo itendeke: pambano lake la ufagio ndilo pambano safi kuliko yote niliyomwona akipigana. Umbali ulikuwa sahihi, ncha ilipita nje ya nyonga kama tulivyofunzwa, na aliyeuawa alianguka bila kulazimishwa.

Sindano_na_Kitani:

Mnazungumzia heshima ya mtu mmoja huku jambo zito likiwapita. Ufagio wa nyuzi za plastiki katika tukio la mwaka 1066? Mimi nimekesha nikishona kanzu za kitani kwa mkono ili mshono wa mashine usionekane hata kwa mtu aliye hatua mbili kutoka kwenye ngao, halafu katikati ya ukuta anasimama askari mwenye plastiki ya buluu inayong'aa. Ikiwa ni lazima mkufunzi amdhalilishe mtu, na amdhalilishe kwa kifaa cha enzi husika, yaani fungu la vijiti lililofungwa kwenye mti. Nimekipitia kile kitambaa cha Bayeux kilichotariziwa kusimulia vita hivyo, takriban mita 70 za meli, farasi, karamu na watu waliokatwa vichwa, na hakuna askari hata mmoja humo aliyebeba ufagio.

Maiti_Mstaafu:

Humo yumo Askofu Odo, ndugu wa mama mmoja na William wa Normandy aliyeshinda vita hivyo, juu ya farasi, katikati ya vita, ameshika rungu. Hakushika upanga, na hatujasikia kwamba alifungua uzi.

Mlinzi_wa_Daraja:

Rungu si ufagio, mkuu! Rungu halichuruziki ndani ya buti! Odo alikuwa na rungu lake mwenyewe, hakuna aliyemfungua vidole kimoja kimoja mbele ya wageni, na hakuna aliyemwambia kwamba akimaliza vita afagie uwanja wa Hastings. Mbona hamtaki kuelewa alivyotembea? Alitembea polepole. Alikuwa na nafasi ya kubadili mawazo kwenda na kurudi.

Kilo_Moja_na_Kitu:

Ikiwa ni yule ninayemdhania, na ndevu zinaniambia ndiye, basi mimi ninalo kubwa kuliko hilo. Huwa anawaambia wageni kwamba panga za kale zilikuwa na uzito wa kilo 10 na kwamba mtu wa leo hawezi kuziinua. Upanga wa mkono mmoja wa zama zile ulikuwa na kilo moja na kitu, na hata ule mrefu wa mikono miwili wa karne ya 15 mara nyingi haukufika kilo mbili. Angekuwa na kilo 10 mkononi, askari angepigana kwa sekunde chache kisha angeomba kiti. Matokeo yake ni kwamba wageni wanakuja nyuma ya jukwaa, wanaunyanyua upanga wangu uliopimwa na kutengenezwa kwa uangalifu, kisha wananitazama kwa huruma na kuniuliza kama ni wa watoto. Kizito ni deraya ya pete za chuma, inayozidi kilo 10 na kuning'inia yote mabegani usipoikaza kwa mkanda kiunoni. Na hapo ndipo penye kidonda changu: nimewaazima wageni wa kikosi deraya mbili, na zote zimerudi na kutu ya jasho, moja ikiwa na fundo la nywele za mtu.

Shoka_la_Pili:

Afadhali mleta mada, aliyepewa ufagio na adui anayekufa. Mimi nimepewa shoka refu la mikono miwili na adui asiyekufa. Nililishusha kwa utaratibu wote: nikamtazama machoni, akaniitikia, nikalipitisha kando ya bega lake kwa nafasi ya mkono mzima, na mwenzangu aliye nyuma akagonga ngao kwa wakati uleule ili watazamaji wasikie mlio wa pigo. Ni kifo kilichoandikwa, kikarudiwa, kikakubaliwa. Bwana yule akabaki wima, akanisogelea, akaninong'oneza: "Limenipata?" Nikamwambia limekupata. Akasema hakusikia chochote. Nikiwa tayari napambana na mtu mwingine, bado alikuwa nyuma yangu akitaka maelezo. Hatimaye alikwenda kufa peke yake kivulini, karibu na pipa la maji ya kunywa.

Pigo_la_Tano:

Huyo namjua, dada. Alipokubali kufa siku moja, alivua kwanza kofia ya chuma ili sura yake ionekane kwenye picha.

Mlinzi_wa_Daraja:

Jamani, naomba turudi kwenye ufagio.

Baruti_Kavu:

Nyinyi wa panga mnalumbana juu ya vitu visivyolipuka. Sisi tunaoigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vile vya mwaka 1642 hadi 1651, tunabeba bunduki za utambi, maana yake kila askari ana kamba inayowaka mkono mmoja na baruti kiunoni. Kwetu mdeki, yaani fimbo ya kushindilia baruti, haushikwi uwanjani, kwa sababu anayeusahau ndani ya mtutu atamrushia mwenzake fimbo. Bunduki hujazwa baruti tupu, mtutu huinuliwa juu ya vichwa vya watu, na umbali hulindwa. Haya yote tunayafuata. Kisha wanakuja watu wa mikuki mirefu, ambao kwa sababu zao wenyewe huamini kwamba sehemu salama ya kupumzikia ni nyuma kabisa ya sanduku letu la baruti, na mmoja wao anavuta sigara. Tukimkemea anatuita waoga. Mwaka 1613 ukumbi wa Globe mjini London uliteketea hadi chini kwa mzinga uliofyatuliwa kunogesha onyesho, na barua ya siku zile inaeleza kwamba aliyeathirika ni mtu mmoja ambaye suruali yake ilishika moto, ikazimwa kwa chupa ya pombe. Sisi hatuna chupa. Tuna ndoo moja, na watu wa mikuki huwa wameikalia.

Sindano_na_Kitani:

Anavuta sigara ya kiwandani akiwa na vazi la mwaka 1642? Angalau angetumia kiko cha udongo.

Baruti_Kavu:

Dada, nimesema sanduku la baruti, wewe unauliza aina ya moto.

Kilo_Moja_na_Kitu:

Samahani kwa kukatiza. Nimerudia kusoma juu huko na nimeona mleta mada ameandika mwenyewe kwamba hubaki na tupa mkononi baada ya kila onyesho. Je, ni tupa bapa, yenye mpini wa mbao uliochomwa alama ya msalaba kwa moto? Naitafuta tangu msimu uliopita.

Mlinzi_wa_Daraja:

Tupa ile ni ya kikosi.

Kilo_Moja_na_Kitu:

Kikosi hakina tupa. Alama ya msalaba niliichoma mimi, kwa msumari, jikoni kwangu.

Pigo_la_Tano:

Sasa tunaelewa kwa nini alipewa ufagio. Ndicho kifaa pekee ambacho angekirudisha.

Mlinzi_wa_Daraja:

Nimekuja kwenu nimevunjiwa heshima, nanyi mnanifungulia kesi ya tupa! Nawauliza tena, kwa utaratibu: ni halali kwa mkufunzi, mbele ya wageni, kumfungua mtu vidole

Shoka_la_Pili:

Ndugu Kilo_Moja, ukiipata hiyo tupa naomba niazime, shoka langu limeota vijino upande wa juu na nina onyesho jingine na yule asiyekufa. Safari hii nimemwomba mpangaji wa mapigano aandike kwamba mimi ndiye ninayekufa, yeye abaki hai kadiri apendavyo.

Maiti_Mstaafu:

Fikiri vizuri, dada. Kufa ni kazi. Mimi niliiacha baada ya kukanyagwa mkono na mpanda farasi katika mazoezi, ingawa nilikuwa nimelala kwa ubavu, mkono umefunika uso, silaha imelala mbali na mwili, kila kitu kwa mujibu wa mafunzo. Hakuna aliyeniomba radhi. Farasi ndiye aliyepewa maji.

Baruti_Kavu:

Mkuu, siku hiyo nilikuwepo. Ulikuwa umelala katikati ya njia iliyochorwa chokaa kwa ajili ya farasi.

Maiti_Mstaafu:

Niliuawa hapo! Ulitaka nijivute?

Shoka_la_Pili:

Uliuawa kwenye kichaka, mkuu, mimi ndiye niliyekuua. Ulihamia njiani baadaye kwa sababu kichakani kulikuwa na siafu.