Mtoto anataka uhandisi: PCM au diploma kwanza?

Mleta mada, Tabora

Wakuu, salaam.

Majina ya waliochaguliwa baada ya kidato cha nne yakitoka, mtaani kwetu hukumu ni moja: aliyepangiwa kidato cha tano ndiye kichwa, aliyepangiwa chuo cha ufundi anapewa pole. Mimi napinga. Mtoto anayetaka uhandisi, na kwao hakuna uwezo wa kumlea mpaka afike miaka ishirini na kitu, chuo cha ufundi kiwe chaguo la kwanza kwenye selfomu yake (fomu ya kuchagua shule na vyuo).

Tupige hesabu. PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati, kidato cha tano na sita) miaka 2, digrii miaka 4: jumla 6. Diploma miaka 3, digrii 4: jumla 7. Wanapishana mwaka mmoja tu! Sasa tazameni mambo yakiharibika katikati. Aliyeanguka kidato cha sita anarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna anayekiajiri. Mwenye diploma tayari ni fundi sanifu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inamtambua, anaweza kula jasho lake huku akiisaka digrii.

Na digrii yenyewe si mwisho. Jina la mhandisi linalindwa na sheria: unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu unafanya kazi chini ya wazoefu, wengi kupitia SEAP, mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini, ndipo uombe usajili kamili. (Wale wanaojiandika "Eng." wiki ya mahafali, tunawaona.)

Tena sisi tumekalia reli. Ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914. Chuo cha reli kiko hapa hapa mjini. Mkataba wa SGR (reli mpya ya kisasa) ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, umesainiwa Desemba 2022. Vijana ninaowaona wakienda kuomba kazi kwenye ujenzi wanaomba kibarua cha zege. Treni zikianza kutembea watatakiwa watu wa umeme, ishara, njia na mabehewa, na kazi hizo nyingi ni za fundi sanifu.

Mchangiaji, Kigoma Ujiji

Mkuu, umehesabu miaka ukasahau pesa. Ada ya kidato cha tano na sita shule za serikali ilifutwa 2022. Chuo kinataka ada, na kikiwa Dar, Arusha au Mbeya ongeza nauli, chumba na chakula. Mama anayeanika dagaa Kibirizi umwambie achague kipi?

Halafu huo mlango wa diploma kwenda digrii usiuseme kama uko wazi tu. Wanataka GPA (wastani wa ufaulu) isiyopungua 3.0. Ukimaliza na 2.7 hupiti moja kwa moja, unaweza kubaki fundi sanifu, na mshahara wake unajulikana.

Mchangiaji, mwalimu wa Fizikia

Nyote mnabishana juu ya watoto wachache waliofika salama. Kwangu mchujo umeshapita kidato cha tatu, mtoto anapoacha Fizikia na Kemia kwa sababu ameambiwa ni ngumu, au shule haina mwalimu wala vifaa vya maabara. Huyo PCM hapati, na diploma ya uhandisi hapati pia, kwa sababu vyuo navyo vinataka Hisabati na sayansi. Wasichana ndio wanaoacha zaidi darasani kwangu, na mara nyingi ushauri umetoka nyumbani.

Mleta mada

Mwalimu, hapo sina ubishi. Wa Kigoma, ada ni kweli, lakini tangu 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha baadhi ya fani za diploma, uchukuzi na nishati zikiwemo. Na huyo wa 2.7 bado namwona afadhali kuliko aliyepata sifuri ya kidato cha sita. Mmoja ana kazi ya kuomba.

Mchangiaji, Kigoma Ujiji

Umesema vizuri: baadhi ya fani. Na wewe una chuo cha reli mlangoni. Huku kwetu ni ziwa na meli, lakini Chuo cha Bahari kiko Dar. Kijana wangu anataka injini za meli. Nimjazie nini kwenye selfomu?