Mrejesho: Friji iliyokuwa ikinguruma usiku kucha

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama ninunue friji mpya au nitengeneze hii ya miaka 9, maana ilikuwa ikinguruma bila kupumzika na barafu kujaa haraka mno.

Asanteni sana wote mlionijibu. Nilianza na ule ushauri wa karatasi: unaibana mlangoni kisha unaivuta, ikitoka kirahisi ujue mpira wa kuzunguka mlango haushiki. Kwangu, pembe ya chini iliteleza yenyewe. Nikaosha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi ndani ya mikunjo, na uchafu uliotoka humo ulinisikitisha kweli. Kisha nikazima friji, nikaacha barafu iyeyuke taratibu (ahsanteni mlionikataza kuichokonoa kwa kisu), nikapangusa vumbi kwenye mabomba ya nyuma na kuisogeza mbali kidogo na ukuta.

Sasa inanyamaza vipindi virefu, na kipimajoto nilichokiacha usiku kucha ndani ya glasi ya maji kilisoma 4°C. Ila ile pembe ya chini bado. Kuupasha mpira kwa mashine ya kukaushia nywele kulisaidia siku 3 tu, ukarudi ulivyokuwa. Nimeagiza mpira mpya kupitia fundi, nikitumia namba ya modeli iliyobandikwa ndani ya friji. Friji mpya sinunui.

Na wewe uliyesisitiza nikague mlango kwanza kabla ya kukimbilia kujaza gesi, Mungu akubariki sana.