Mazoezi ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa njia ya simu: kuna aliyejaribu huku Mwanza?

Mama Kulwa, Igoma

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wenye watoto kama wangu.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wanaelekea miaka mitatu. Walizaliwa kabla ya siku zao. Kulwa alilia palepale. Doto alichelewa kulia, ikabidi apewe hewa. Leo Kulwa anafukuza kuku wa jirani mpaka ng'ambo ya mtaro. Doto anakaa mwenyewe, anajivuta kwa mikono, na kwa maneno anamshinda mwenzake mbali, ila miguu imekaza, na ukimsimamisha inapishana kama mkasi. Hospitali walisema ni mtindio wa ubongo, wakatuanzishia mazoezi.

Kazi ni kufika huko. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, natoka nyumbani alfajiri kuwahi mzigo wa visiwani. Siku ya kliniki ni siku sijauza. Halafu umpakate kwenye daladala iliyojaa, konda anagomba kwamba miguu ya mtoto inawagusa abiria, kana kwamba nimemwagiza aikaze. Tukifika, foleni. Tukiitwa, mtoto ameshachoka, ni kilio tu, na muda umeisha. Mama mkwe anamkanda kwa maji ya moto na mafuta kila jioni, namshukuru, lakini sioni kinachobadilika.

Sasa kuna shoga yangu kanipa namba ya mtaalamu anayefundisha wazazi kwa video za WhatsApp. Inasaidia kweli au ndiyo kuliwa hela? Na nitajuaje nafanya sawa wakati yeye hajamshika mtoto? Nawasilisha.

Mzee wa Buhongwa

Pole sana mwanangu. Mimi ningekaa mbali. Kuna ndugu yangu alitumiwa video na mtu anayejiita daktari, akaahidiwa mtoto atatembea ndani ya miezi mitatu na dawa ya kuchanganya kwenye uji. Alipolipa, namba haikupatikana tena. Mtoto hatibiwi na simu.

Baba Neema, Nansio

Shikamoo mzee. Matapeli wapo, hilo sikatai, ila kwa sisi wa Ukerewe simu ndiyo imetuvusha. Wenzetu wa Sengerema walifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025. Sisi bado tunaitegemea meli, na ziwa likichafuka kliniki ndiyo basi tena.

Mama Kulwa, Neema wangu ana miaka sita, mkono na mguu wa kulia ndio wenye shida. Tulianza ana kwa ana hapo Mwanza, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) akampima kila kiungo, ndipo tukaendelea kwa simu. Kuongea mubashara kulitushinda, mtandao unakatika katikati ya sentensi. Kwa hiyo mchana narekodi vipande vifupi, usiku natuma kwa bando la usiku, asubuhi nakuta sauti zake zinanielekeza.

Kazi aliyotupa mwanzoni ilinishangaza: kumenya yai la kuchemsha. Mkono wa kulia ushike, wa kushoto umenye. Neema alikuwa analibana yai kifuani, mkono mbovu umefichwa. Tuliponda mayai mengi sana, mama yake akasema sasa haya ni mazoezi au mnanifilisi. Fizio alipoangalia video hakuzungumzia mkono kabisa, alizungumzia meza. Ilikuwa juu mno, bega limepanda hadi sikioni, mkono utashukaje? Fundi akapunguza miguu ya meza na mkono ukaanza kuja wenyewe mezani. Kliniki asingeliona hilo, kwa sababu kliniki meza yao ni ya saizi ya mtoto.

Fizio Kanda ya Ziwa

Baba Neema kanirahisishia kazi. Simu haimtibu mtoto, inamfundisha anayekaa naye. Mtoto hujifunza kwa kurudia, tena kurudia jambo analolitaka mwenyewe, na marudio hayo hayapatikani kliniki mara moja kwa wiki. Kukanda si kubaya, mtoto anafurahia na misuli inalegea kwa muda, ila hakumfundishi kunyanyuka. Mwambie bibi aendelee, ila si badala ya mazoezi.

Kwa Doto, nikisoma tu ulivyoandika, ningeanzia kwenye kigoda. Akae nyayo zote chini, magoti yamekunjwa sawasawa, mbele yake kitu cha juu kidogo chenye anachokipenda. Anyanyuke kukifuata. Wewe shika magotini, usimvute mikono, maana ukimvuta ni wewe umesimama, si yeye. Visigino vikiinuka, rudisha miguu nyuma kidogo. Kama visigino havigusi chini kabisa, hilo ni la kuonwa kwa macho, huenda anahitaji splinti, yaani kifaa cha kuushikilia mguu.

Video: mvalishe kaptura magoti yaonekane, simu iwe chini usawa wake, kwa ubavu, si kutoka juu. Usizitume kwenye makundi, ni mwili wa mtoto huo.

Yapo ambayo simu haiwezi. Nyonga: mtoto ambaye hajaanza kutembea mwenyewe, nyonga zinaweza kuchomoka polepole bila yeye kulia, kwa hiyo ulizia eksirei ya nyonga kliniki, mara nyingi hurudiwa kila miezi 6 hadi 12. Degedege, kukohoa kila anapokula, kukonda, hayo hayasubiri bando. Na mzee wa Buhongwa yuko sahihi kuhusu tapeli: jeraha la ubongo halifutiki, anayeahidi kuponya anauza kitu. Huyo wa WhatsApp muulize yuko kituo gani na usajili wake. Asipokuuliza mtoto alizaliwaje na alikaa lini, achana naye. Hilo la kukaa lina maana: mtoto aliyekaa mwenyewe kabla ya miaka 2 ana nafasi nzuri zaidi ya kuja kutembea, hata kama ni kwa magongo.

Mama Kulwa, Igoma

Asanteni sana. Mzee, nimekusikia. Doto alikaa karibu na sikukuu yao ya miaka miwili, bado kidogo, nitamwambia kliniki. Swali moja: asubuhi niko Mwaloni, mama mkwe ana simu ya kitochi. Nani atafanya?

Fizio Kanda ya Ziwa

Bibi huyohuyo, hahitaji simu. Mwonyeshe mara moja jioni, halafu usiite mazoezi. Sahani ya Doto iwe juu ya stuli, anyanyuke kuichukua kila mlo. Kulwa acheze duka, awe muuzaji, bidhaa ziko juu. Ukiona kachoka au kakasirika, acheni.

Baba Neema, Nansio

Na kigoda mpelekee fundi kipimo, kuanzia kisigino hadi nyuma ya goti. Usimwambie ni cha mtoto mgonjwa, atakupandishia bei. Sema ni cha kukalia jikoni.