Naomba ushauri: picha ya manila ya kusimama yenyewe inapasuka kwenye mkunjo

Habari zenu wakuu. Nipo Mwanza, natengeneza picha za mezani zisizo na fremu (Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani hapa Mwanza, ndilo linaloulizwa zaidi). Natumia A4 ya gramu 300, printa ya leza. Vipimo kwa urefu: mbele sm 12, mgongo sm 12, kitako sm 4.2, ulimi wa gundi sm 1.5.

Tatizo ni mkunjo wa juu. Wino unachanika, mstari mweupe unatokea katikati ya anga la bluu. Nimeshachora mfereji kwa rula ya chuma na kalamu ya biki iliyoisha wino, nikakunja mfereji ukiwa nje. Imepungua, haijaisha. Nahisi ni nyuzi za karatasi yenyewe: A4 hii nyuzi zake zinafuata urefu, kwa hiyo kila mkunjo unazikata.

Maswali mawili:

Nikikata manila kubwa ili nyuzi zilale sambamba na mkunjo, uso wa sm 12 hautalegea na kupinda kwa unyevu huu wa ziwani?

Na laminesheni (utando wa plastiki) ya upande mmoja kabla ya kukunja, inazuia kuchanika au itaipindisha kadi yenyewe?

Natanguliza shukrani.